Kodi, Ushuru na Kinachobaki: Mjadala wa Wenye Nyumba wa Pwani ya Kusini

Katika nchi hii ya pwani ya kusini ya Kenya, tangu kivuko cha Likoni hadi mpaka wa Lungalunga, hakuna akiba ambayo mtu wa kadiri huitumaini kuliko vyumba vya kupangisha. Kwani mtumishi apokeapo kiinua mgongo chake, na mkulima wa Msambweni auzapo sehemu ya shamba la urithi, na mwana wetu aliye Muscat au Doha apelekapo nyumbani jasho la miaka, fikira ya kwanza iwajiayo wote watatu ni ile ile moja: kupata kiwanja Ukunda au Msambweni, kusimamisha vyumba sita au vinane vya mawe, na kungoja mwisho wa mwezi. Wala fikira hiyo si ya kubezwa, maana nyumba haikimbii, na mahali pa kulala ni haja ya kila kiumbe.

Ugomvi wa kodi nao si mgeni pwani. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo ya Unguja waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na Mombasa hata leo zipo nyumba ambazo kuta ni mali ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ni mali ya mwingine. Lakini mjadala wa zama zile ulikuwa baina ya mwenye mali na mpangaji, ilhali mjadala ninaotaka kuuweka mbele ya wasomaji umezaliwa ndani ya hesabu za mwenye nyumba mwenyewe, hasa yule anayeanza, ambaye huhesabu kodi itakayoingia kwa vidole vya mkono mmoja, asihesabu itakakokwenda. Swali ni hili: je, kinachomwangusha mwenye nyumba mchanga ni ushuru wa serikali, kama asemavyo mwenyewe, au ni jambo jingine?

Nimezipanga hapa sauti nne, ambazo si za watu mahsusi bali ni za hoja zisikikazo barazani kila siku. Ya kwanza ni ya Mwalimu, mwenye mshahara na mkopo, anayejenga karibu na Kona ya Musa. Ya pili ni ya Mzee, aliyepangisha vyumba Ukunda na Msambweni kwa miaka mingi. Ya tatu ni ya Mama, ambaye riziki yake yote ni vyumba alivyoachiwa na marehemu mumewe. Ya nne ni ya Mhasibu, binti aliyesomea hesabu na sheria za ushuru.

MWALIMU: Wazee wangu, naomba idhini nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye mgeni wa jambo hili. Benki imekubali kunikopesha shilingi 1,200,000 za kumalizia vyumba sita, ambavyo kila kimoja nitakipangisha kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Hesabu yangu ni nyepesi: vyumba sita ni shilingi 30,000, benki itachukua 22,000, nami nitabaki na 8,000 bila ya kushika jembe. Kinachonighadhibisha ni huu ushuru, maana nasikia serikali hutoza asilimia 7.5 ya kodi yote, isiulize kama mtu ana deni, kama paa limevuja, wala kama fundi yuko mlangoni anadai. Je, ni insafu kumtoza mtu juu ya fedha iliyopita tu mkononi mwake ikienda kwa mwingine?

MZEE: Mwanangu, kabla hatujafika kwenye ushuru, naona hesabu yako ina miezi kumi na miwili ya kaskazi, nasi pwani hii Mwenyezi Mungu ametupa kaskazi na kusi. Mpangaji wako wa Ukunda ni nani? Ni mpishi wa hoteli, ni mtandika vitanda, ni dereva wa bodaboda anayembeba mpishi huyo, ni muuza vinyago wa ufuoni. Mvua za masika ziingiapo Aprili, na wageni wakapungua hadi Juni au Julai, hoteli za Diani huwarudisha vibarua majumbani kwao, na yule aliyekulipa tarehe 5 ya Januari bila ya kukumbushwa atakuomba radhi mwezi wa Mei, au atahama usiku. Hayo ni ya mwaka wa kawaida. Ama ya mwaka usio wa kawaida nimeyaona kwa macho yangu: ghasia za Likoni za Agosti 1997, Machi 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na Desemba 2024, uchimbaji wa madini wa kampuni ya Base Titanium uliposita, na watu waliokuwa wakilipa vizuri wakafunga virago. Hakuna hata moja katika hayo lililoletwa na ofisi ya ushuru. Mimi nasema mwenye nyumba mchanga huuawa na miezi mitupu, na ushuru humkuta keshakufa.

MWALIMU: Miezi mitupu ni kadari, Mzee wangu, lakini ushuru ni sheria ya wanadamu, na sheria ya wanadamu yaweza kulaumiwa. Tena nimepata shauri: jirani yangu ameniambia kwamba kodi isiyofika shilingi 288,000 kwa mwaka haitozwi kitu. Basi nitapangisha vyumba vitano kwa shilingi 4,500, ambavyo kwa mwaka ni 270,000, na chumba cha sita nitamweka mdogo wangu. Hapo serikali itanipita mbali.

MHASIBU: Mwalimu, jirani yako ameisoma nusu ya sheria. Ushuru huu wa kila mwezi ulianza mwaka 2016, na tangu 1 Januari 2024 umekuwa asilimia 7.5 baada ya kuwa asilimia 10. Humhusu mkazi wa Kenya apataye kodi ya nyumba za makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mwenye kupata chini ya 288,000 hatozwi kwa njia hiyo, hilo ni kweli; lakini hakusamehewa. Kodi yake huingia katika taarifa yake ya mwaka, ile ipelekwayo kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kabla ya 30 Juni kumalizika, ikajumlishwa na mapato yake mengine baada ya kutoa gharama. Wewe una mshahara, na kila shilingi ya mshahara ipitayo 32,333 kwa mwezi tayari hukatwa asilimia 30. Basi faida ya vyumba vyako vitano itatozwa asilimia 30, na utakuwa umekikimbia kiwango kidogo ukakiangukia kikubwa, ukampa mdogo wako chumba juu yake.

MWALIMU: Asilimia 30! Basi hiyo njia ya mwaka ni ya kuogopwa.

MHASIBU: Si ya kuogopwa wala ya kupendwa kabla ya kupimwa. Sheria imempa mwenye nyumba hiari ambayo wengi hawaijui: aweza kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba hataki njia ya kila mwezi, akatozwa kwa njia ya mwaka. Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Ya kwanza hutoza kidogo juu ya jumla yote, wala haipunguzi hata senti kwa ajili ya gharama, ila mwezi usiopokea kodi hulipi, wapeleka taarifa tu kwamba hukupata kitu. Ya pili hutoza kwa kiwango cha mtu mwenyewe, lakini hutoza faida peke yake, baada ya kutoa riba ya mkopo wa nyumba, matengenezo, bima, ada ya ardhi ya kaunti, ujira wa mwangalizi na wa wakala. Hakuna ajuaye ipi iliyo bora kwake ila yule ajuaye gharama zake.

MAMA: Mwanangu, hapo umenigusa. Mimi sina mshahara wala mkopo. Nina vyumba sita vile vile, navyo huniletea hizo 30,000 kwa mwezi vikijaa. Nilielezwa nilipe 2,250 kila mwezi, nami nalipa, maana sipendi kudaiwa na mtu, sembuse na serikali. Je, mimi na Mwalimu, tulio na vyumba sawa na kodi sawa, tunadaiwa sawa?

MHASIBU: Kwa njia ya kila mwezi, naam, mnadaiwa sawasawa: vyumba vikijaa mwaka mzima, shilingi 360,000 za kodi huzaa ushuru wa 27,000. Lakini hebu tuitazame njia ya mwaka. Tuseme umetumia 90,000 kwa mwangalizi, mafundi, kuvuta majitaka, bima na ada ya kaunti, na kila shilingi ina stakabadhi yake. Faida yako ni 270,000. Asiyefika 288,000 kwa mwaka yuko katika kiwango cha chini kabisa, asilimia 10, basi ushuru wako ni 27,000. Hapo sheria humpa kila mkazi msamaha wake binafsi wa shilingi 28,800 kwa mwaka, ambao wewe, Mama, usiye na mshahara, hujautumia popote. Toa msamaha huo, na deni lako kwa serikali linakwisha lote.

MAMA: Ina maana nimekuwa nikilipa 27,000 ambazo sheria yenyewe haikunilazimisha?

MHASIBU: Umelipa kwa njia halali, lakini haikuwa njia ikufaayo. Njia ya kila mwezi haiutambui ule msamaha. Yeye Mwalimu msamaha wake umekwisha katika mshahara. Wako wewe umekaa bure.

MZEE: Dada yangu, haya ndiyo nisemayo kila siku: usijenge kwa ramani ya jirani, wala usilipe kwa hesabu ya jirani. Lakini, binti yangu, nami nina neno juu ya hizo stakabadhi. Nyumba yangu moja ya Msambweni imeezekwa makuti. Makuti hayo nimesukiwa na wanawake wa kijijini, boriti zimetoka mikokoni, na fundi aliyeezeka hajapata kuigusa kompyuta. Nikienda nikamwambia mama msuka makuti anipe ankara ya eTIMS, ule mtambo wa KRA, atadhani nimepatwa na jambo. Sheria imesema gharama isiyo na ankara hiyo haihesabiwi. Basi sisi wa makuti twaishije?

MHASIBU: Mzee wangu, lawama yako ina haki, na ndiyo sehemu ngumu ya njia ya mwaka. Tangu 2024 gharama hutakiwa iwe na ankara ya mfumo huo, na mafundi wetu wengi hawamo ndani yake. Mwishoni mwa mwaka huo huo sheria ilirekebishwa kidogo, mnunuzi akapewa njia ya kuitoa ankara yeye mwenyewe anunuapo kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayapiti milioni 5 kwa mwaka. Hiyo ni nafuu, lakini ni nafuu ya mwenye kuandika. Atakayelipa makuti kwa fedha taslimu chini ya mwembe, asiandike jina la muuzaji wala tarehe, ataizika gharama yake hapo hapo.

MWALIMU: Sasa nihesabieni mimi, niliye na deni.

MHASIBU: Haya. Tukubali neno la Mzee la kusi na kaskazi, tuseme kila chumba kitakaa kitupu miezi miwili kwa mwaka. Kodi itakayoingia ni 300,000, wala si 360,000. Mkopo wako wa 1,200,000, kwa riba ya asilimia 15, ukilipa 22,000 kwa mwezi, utakula 264,000 mwaka wa kwanza. Na katika hizo, takriban 174,000 ni riba, na 90,000 ni kupunguza deni lenyewe. Weka gharama nyingine za 66,000. Sheria hukubali kutoa riba. Haikubali kutoa marejesho ya deni, maana hayo huyahesabu kuwa ni mali yako inayokua. Basi faida yako mbele ya sheria ni 300,000 kutoa 174,000, kutoa 66,000: baki ni 60,000, na ushuru wake wa asilimia 30 ni 18,000. Kwa njia ya kila mwezi ungelipa 22,500. Mwaka wa kwanza, basi, njia ya mwaka inakufaa kwa 4,500.

MWALIMU: Alhamdulillahi, angalau nina faida ya 60,000.

MHASIBU: Unayo katika karatasi. Mfukoni je? Zimeingia 300,000, zimetoka 264,000 za benki na 66,000 za gharama, ambazo jumla yake ni 330,000. Umepungukiwa na 30,000 kabla ya serikali kukuuliza kitu, na ukishalipa ushuru umepungukiwa na 48,000, ambazo ni shilingi 4,000 za mshahara wako kila mwezi. Zile 8,000 ulizozitarajia zimegeuka kuwa deni la 4,000. Na katika upungufu huo wote wa 48,000, ushuru una 18,000 tu. Zilizobaki zimeletwa na miezi mitupu na marejesho ya mkopo.

MZEE: Umesikia, mwanangu? Hilo ndilo nililokuwa nikilitafutia maneno.

MHASIBU: Tena mizani haisimami mahali pamoja. Riba hupungua kila mwaka kwa kadiri deni lipunguavyo. Kwa mtu wa asilimia 30, njia mbili hizi hulingana faida ifikapo robo ya kodi. Kwako hapo ni 75,000. Mwaka wa pili riba itakuwa kama 159,500, na faida itakaribia robo hiyo hiyo. Mwaka wa tatu itaipita, na njia ya kila mwezi ndiyo itakayokuwa nyepesi. Kwa hiyo hata aliyechagua vyema leo yampasa atazame tena kesho.

MWALIMU: Nimekubali hesabu, lakini sijaukubali uadilifu wake. Bado nasema ushuru wa jumla haumtazami mwenye deni. Mzee, wewe ni mtu wa dini. Je, zaka hutozwa hivyo?

MZEE: Kwa kauli ya wanazuoni wengi, hakuna zaka juu ya kuta za nyumba ya kupangisha, zaka huwa katika kilichobaki cha kodi yake, kikitimia nisabu, kile kiwango chake cha chini, na kupitiwa na mwaka. Kilicholiwa na gharama hakiulizwi. Hapo Mwalimu ana hoja.

MHASIBU: Ana hoja, nami naiheshimu, lakini Mzee wangu atanisahihisha nikikosea, zaka ya mazao hutolewa siku ya mavuno juu ya mavuno yote, wala haingoji mwaka. Na humo humo mna uangalifu: shamba linyweshwalo na mvua hutoa sehemu ya kumi, na lile linyweshwalo kwa taabu na gharama hutoa nusu ya hiyo. Basi kutoza jumla si dhuluma kwa dhati yake, maadamu kiwango kimepunguzwa kwa kuizingatia taabu, na mwenye taabu kubwa zaidi ameachiwa mlango mwingine. Sheria yetu ina kiwango kidogo na ina mlango. Aibu yake ni kwamba mlango wenyewe haujulikani.

MZEE: Umejibu vyema. Ila msidhani kwamba ushuru hubadili zaka. Kila kimoja kina mwenyewe.

MWALIMU: Basi niseme waziwazi lililo katika nyoyo za wengi. Jirani zangu wana vyumba ishirini, hawalipi kitu, na hawajapata kuulizwa. Kwa nini mimi niwe wa kwanza?

MAMA: Mwanangu, ngoja nikujibu mimi, ingawa ndiye niliyelipa zaidi ya lazima. Wewe utapokea kodi kwa simu, na simu haisahau. Siku watakapokuja, watakutoza ushuru wa nyuma, na adhabu ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi uliochelewa. Nawe hutakuwa na stakabadhi hata moja ya kujitetea, kwa sababu mtu afichaye mapato hulazimika kuficha na gharama. Mimi iliyonipotea ni hiari ya kuchagua kwa kutoijua. Wewe wataka kuipoteza huku unaijua.

MHASIBU: Na si hiyo tu. Siku utakapotaka kuuza, utatozwa ushuru wa faida ya mauzo, ambao ulirudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5, na tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya tofauti baina ya bei uliyouzia na gharama ulizoitilia nyumba. Saruji, mawe, mabati, ujira wa mwashi, ushuru wa stempu uliolipa ukinunua, vyote hivyo hupunguza faida hiyo ukiwa na ushahidi. Asiye na karatasi nyumba yake huonekana kana kwamba ilijengeka yenyewe.

MWALIMU: Labda basi niache vyumba vya wafanyakazi, nijenge nyumba ya wageni wa likizo karibu na ufuo wa Diani. Usiku mmoja wa Desemba unashinda mwezi mzima wa Ukunda.

MZEE: Na Mei nzima je? Mgeni wa usiku mmoja huondoka na msimu. Tena huyo hataki chumba tu. Anataka kiyoyozi, maji yasiyokatika, mlinzi wa usiku, shuka mpya, na bustani iliyofagiwa. Hewa ya chumvi hula bawaba na mabati na mashine za kupozea, na makuti ya paa huisha muda wake hata kama hakuna aliyelala chini yake.

MHASIBU: Na sheria yake ni nyingine. Nyumba ya makazi imesamehewa ushuru wa VAT. Nyumba ya wageni wa likizo haimo katika msamaha huo, na mauzo yake yakifika milioni 5 kwa mwaka mwenyewe hupaswa kujiandikisha na kutoza asilimia 16. Tena huingia chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, yenye leseni zake. Atakayeianza aihesabu kuwa ni biashara ya ukarimu, asidhani ni vyumba vya kupangisha vilivyopakwa rangi nzuri.

MAMA: Na binti yangu aliye Doha, anayetaka kuniongezea vyumba vinne kwa jina lake?

MHASIBU: Huyo, Mama, ashike jambo moja kabla ya matofali. Asiyehesabiwa kuwa mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, si ya faida, wala njia ya asilimia 7.5 si yake. Lakini aliye na makao yake ya kudumu hapa, akaja nchini wakati wowote katika mwaka huo, huhesabiwa mkazi. Na asiye na makao ya kudumu huhesabiwa akikaa siku 183. Basi makao yake na safari zake ziandikwe, kwa sababu tofauti ya 7.5 na 30 katika kodi ya mwaka mzima yaweza kuwa ni paa la nyumba.

MZEE: Nami, kabla hatujatawanyika, niwape niliyojifunza. Kodi ikiingia, mimi siiti yangu. Naigawa mafungu manne kabla ya kununua hata sukari. Fungu la kwanza ni la serikali, na nalitenga siku ile ile, nisije nikalitafuta tarehe 19. La pili ni la nyumba: paa, mabomba, choo, rangi, nalo nalitia kila mwezi hata kama hakuna kilichoharibika, maana nyumba huharibika siku ambayo huna. La tatu ni la kusi: kodi ya miezi miwili au mitatu iliyokaa pembeni, nisishike ada ya mtoto wa shule ikifika Mei. La nne ni la deni, kwa aliye na deni. Kinachobaki baada ya hayo manne ndicho changu. Ama ile arbuni ya mpangaji aingiapo, hiyo haimo katika hesabu kabisa. Ni amana yake iliyo mkononi mwangu, na wengi wetu tumeila tukadhani tumepata, tukaja kukopa ili kumrudishia mwenyewe.

MWALIMU: Kwa kipimo hicho, Mzee wangu, mimi sina kilichobaki.

MZEE: Huna, kwa vyumba sita na mkopo huo. Lakini umelijua kabla ya kutia saini. Kopa pungufu, au jenga vitatu kwanza, au ngoja mwaka mmoja uongeze akiba yako. Kiwanja hakitaoza.

Hapa ndipo sauti zilipofikia, nami napenda kueleza kwa nini nimeegemea upande wa Mzee na Mhasibu, bila ya kuidharau hoja ya Mwalimu. Ni kweli kwamba ushuru wa jumla humlemea aliye na deni kubwa, na ni kweli kwamba sheria inayodai ankara ya mtambo kwa msuka makuti haikuandikwa na mtu aliyekaa Msambweni. Lakini hesabu zilizotolewa hapa zinaonyesha kwamba mkazi wa kawaida mwenye vyumba vichache huangushwa na kosa lililotangulia ushuru, nalo ni kuihesabu kodi yote kuwa ni pato. Akishalifanya kosa hilo, hukopa kwa kadiri ya jumla badala ya kadiri ya baki. Na akishakopa hivyo, kila kitu humwonea: kusi humwonea, fundi humwonea, benki humwonea, na ushuru, ambao ndio mdogo kuliko vyote hivyo, ndio hubeba lawama kwa kuwa una jina.

Na kwa upande wa pili, kisa cha Mama kinatufundisha kwamba uaminifu usio na maarifa waweza kuwa ghali kama udanganyifu. Mwanamke asiye na mshahara, aliyelipa kila mwezi bila ya kuchelewa, alikuwa na haki ya kuchagua njia ambayo haimgharimu kitu, na haki hiyo ilikaa katika kitabu cha sheria bila ya mtu kumfunulia. Wajibu huu si wake peke yake. Ofisi za ushuru ambazo huleta magari na vipaza sauti kuwahimiza watu walipe, zilete magari hayo hayo Ukunda, Msambweni, Kinango na Lungalunga, ziwaeleze wenye nyumba kwa Kiswahili chepesi kwamba njia ni mbili na hiari ni yao. Na misikiti, makanisa na vyama vya akiba na mikopo, ambavyo huaminiwa zaidi ya ofisi, viifanye elimu hii kuwa sehemu ya huduma yao.

Ama kwa anayeanza, nasaha yangu ni ya vitendo. Kabla ya kuchimba msingi, nunua daftari. Andika ndani yake kodi ya miezi kumi, wala si ya kumi na miwili. Andika marejesho yote ya mkopo, ukitenga riba na deni lenyewe. Andika gharama za mwaka, hata zile ambazo huzitaki. Andika ushuru kwa njia zote mbili, uone ipi ikufaayo wewe, kwa mshahara wako na deni lako. Mstari wa mwisho ukionyesha baki, hata kama ni baki dogo, jenga kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kila mwezi uendelee kuandika. Mstari huo ukionyesha upungufu, basi punguza vyumba au punguza mkopo hadi baki lionekane, kwa kuwa upungufu ulioko katika karatasi leo hurekebishwa kwa kalamu, na ule utakaouona baada ya paa kuezekwa utaurekebisha kwa mshahara wako, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka yote ya mkopo.